Tovuti zilizochakaa za Lamu: namna ya kuzipata na kuzitengeneza ukiwa ughaibuni

Usitafute tovuti yenye sura mbaya. Gesti ya Shela, kijiji cha ufukweni kisiwani Lamu, inaweza kuwa na ukurasa wa kizamani, maandishi ya manjano juu ya samawati, na bado vyumba vikajaa kila kaskazi kwa sababu wageni wake ni walewale wanaorudi. Mwenye gesti hiyo hana haja nawe. Mteja wako ni yule ambaye tovuti yake inamfukuzia wageni naye hana habari, na wewe uliyeko Leeds, Hamburg au Toronto utalijua kosa hilo kabla ya kijana aliyekaa uwanja wa Mkunguni, mjini Lamu. Wageni wanatoka huko huko uliko. Simu unayoshika ndiyo wanayoshika wao.

Anza na ramani ya Google. Ivute karibu mpaka uone Shela, mji wa kale, Manda na Matondoni, kisha ufungue kila gesti, kila nahodha wa mashua za watalii na kila fundi wa milango na viti vya enzi mwenye kiungo cha tovuti. Ukikuta anwani inayoishia na business.site, simama hapo. Hizo ni tovuti za bure ambazo Google ilikuwa ikiwapa wenye biashara, ikazifunga Machi 2024. Mwenye anwani hiyo alishaona faida ya kuwa na tovuti, ila sasa hana. Mwenye Facebook peke yake mwache kwanza, maana huyo utaanza naye kwa somo.

Kisha andika kwenye kisanduku cha kutafutia site:co.ke Shela, halafu ubadilishe Shela kwa majina mengine. Usiishie ukurasa wa kwanza, walioko hapo wana mafundi wao. Tafuta pia kwa Kiitaliano na Kijerumani kama unazijua lugha hizo.

Tovuti iliyotelekezwa ina dalili zake. Alama ya Google+ ikiwa bado iko chini ya ukurasa, ujue hakuna aliyeigusa kwa muda mrefu, kwani mtandao huo ulifungwa Aprili 2019. Kivinjari kikiandika kwamba tovuti si salama, cheti cha usalama cha tovuti hakipo au kimekwisha muda. Nambari ya simu ikianza na 07 bila +254, mgeni aliyeko Ulaya hapati kitu. Lakini dalili ninayoipenda kuliko zote ni ukurasa wa maelezo ya safari. Tangu Januari 2024 Kenya imeondoa visa, na wageni wa nchi nyingi huomba idhini ya kielektroniki, eTA, kabla ya kusafiri. Tovuti inayomwambia Mjerumani kwamba atagongewa visa akifika Nairobi inaweza kumfanya akataliwe kupanda ndege kwao. Mwenye nyumba ukimweleza hilo hatakuuliza rangi wala mapambo.

Fomu ya kuweka nafasi ijaribu kwa jina lako la kweli, useme wazi kwamba unataka kujua kama ujumbe unafika. Kujifanya mgeni ni kumpotezea mtu muda, na utaanza naye kwa uongo. Wala usiguse mlango wa kuingilia upande wa msimamizi, hata kama unadhani nywila ni rahisi. Sheria ya Kenya ya makosa ya mitandao ya 2018 inahesabu hilo kuwa kosa. Tazama kile ambacho kila mtu anakiona, basi.

Ukishapata kosa moja kubwa, lipigie picha ya skrini. Barua pepe ndefu ya Kiingereza yenye orodha ya kasoro itaishia kapuni. Tuma ujumbe wa sauti WhatsApp, baada ya Alasiri, na Ijumaa mchana uwaache watu waswali. Kwa mfano: "Assalamu alaykum, mzee wangu. Mimi ni kijana wa Malindi, niko Hamburg kikazi. Nimefungua tovuti ya nyumba yenu, nikaona nambari ya simu haishiki kutoka huku. Nimewatumia picha. Kuiweka sawa ni kazi ndogo, nitawaelekeza bila malipo." Usiseme tovuti ni mbaya. Huenda aliyeitengeneza ni mpwa wake, na yuko hapo hapo barazani.

Nyumba nyingi za Shela ni za Wazungu, na anayepokea simu ni msimamizi. Mheshimu, lakini muulize mapema ni nani anayeamua mambo ya malipo.

Kabla ya kutaja bei, uliza jina la tovuti limesajiliwa kwa nani na nani analipia kila mwaka. Hapa ndipo kazi nyingi hukwama: fundi wa zamani alisajili kila kitu kwa jina lake, akahama, na simu haipokelewi. Majina ya .co.ke yako chini ya KeNIC, shirika linalosimamia majina ya tovuti ya Kenya, na huuzwa kupitia mawakala wake, kwa hiyo mwenye biashara ndiye wa kumwendea wakala akiwa na karatasi zake. Wewe huwezi kumfanyia. Kazi ikianza, chukua nusu ya malipo kwa M-Pesa, na laini yako ya Kenya isiwe imezimika.

Angalia na karatasi zako pia. Uingereza, kwa mfano, visa ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri, hata mteja awe Lamu.

Wakati mzuri wa kubisha hodi ni Aprili na Mei. Mvua za masika zinanyesha, nyumba kadhaa za Shela zimefungwa kwa ukarabati, na mwenyewe ana nafasi ya kukutafutia picha mpya kabla ya wageni wa Julai na Agosti.