Kuufikisha Utafiti wa Tenzi za Kale kwa Watu wa Lamu na Pate

Mtafiti wa miswada ya tenzi za Lamu, Pate na Siyu kwa kawaida huandika tasnifu yake kwa Kiingereza, huikabidhi chuoni, hupeleka ripoti NACOSTI, tume ya taifa ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti, kisha huihesabu kazi kuwa imekwisha, ilhali wenyeji waliomfungulia makasha yao hawajui alichokipata humo. Ushauri wangu ni kwamba utafiti upelekwe kwao mapema, kabla haujachapishwa, wakati msikilizaji bado ana nafasi ya kukusahihisha na wewe bado una nafasi ya kubadili ulichoandika.

Anza kwa kuchagua sehemu ndogo. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu kumuusia binti yake, una beti zaidi ya mia moja, na hakuna kikao kitakachozivumilia zote pamoja na maelezo ya mtafiti. Beti kumi au kumi na tano zinazozungumzia jambo moja, kwa mfano adabu ya maneno, zinatosha kwa jioni nzima.

Beti hizo zisomwe kwa sauti kabla hujaeleza lolote. Utenzi una vipande vinne katika kila ubeti, kila kipande kwa kawaida kina mizani minane, na kina cha kipande cha mwisho hukaririwa tangu mwanzo hadi tamati. Mpango huo ulikusudiwa sikio. Mtafute msomaji wa pale pale anayezijua mahadhi, mlipe kama unavyomlipa msaidizi yeyote wa utafiti, nawe ukae usikilize pamoja na wengine.

Hapo ndipo manufaa ya kielimu yanapoanza kuonekana. Katika hati ya Kiarabu kama ilivyotumiwa na waandishi wengi wa zamani, herufi ba inaweza kusomwa b, p au mb. Dali inaweza kuwa d au nd. Katika alama za irabu, kasra hubeba i na e, na dhamma hubeba u na o. Neno ambalo Kiamu, lahaja ya Lamu, hulitamka ndia, yaani njia, laweza kuonekana mswadani kama dia, na mtafiti aliyezoea kamusi za Kiswahili sanifu akahangaika nalo siku nzima. Mzee aliyeusikia utenzi huo tangu utotoni hulitambua mara moja. Kwa hiyo mpe kila msikilizaji karatasi yenye maandishi makubwa, hati ya Kiarabu upande wa kulia na ya Kilatini upande wa kushoto, uache pambizo pana, na mwombe msaidizi aandike kila sahihisho pamoja na sababu yake, hata lile usilokubaliana nalo.

Kuhusu mahali, baraza baada ya swala ya alasiri huwafaa wanaume, lakini ukiishia hapo utakuwa umewakosa wanawake, na utendi huu ni wa mwanamke aliyemwandikia mwanamke. Andaa kikao chao ndani ya nyumba, kiongozwe na mwanamke, saa wanazozipanga wenyewe. Maulidi ya Lamu katika Mfungo Sita huleta wageni kutoka pwani nzima, ila hiyo ni ibada yenye wenyewe, na usiingize jambo lako humo bila idhini ya waandalizi.

Picha za miswada zinahitaji uangalifu zaidi. Miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, na huo ni mfano mwema wa kuhifadhi maandishi bila kuyahamisha. Kwa miswada ya nyumbani, omba ruhusa mara mbili: ya kupiga picha, na baadaye, familia ikishaziona, ya kuzisambaza. Kurasa za nasaba au za dawa huenda wakataka zibaki kwao, nawe huna haki ya kuwahoji sababu. Waachie nakala zilizochapwa vizuri, na sauti za vikao uzitume kwa WhatsApp katika vipande vifupi, kwa kuwa wapokeaji hununua bando kwa fedha zao.

Katika tasnifu yenyewe, kila usomaji uliotokana na kikao uonyeshwe kwenye tanbihi, ukimtaja aliyeutoa kwa jina ikiwa ameridhia, na nakala ya Kiswahili ya sura hiyo ipelekwe Lamu siku ile ile unapoikabidhi chuoni.