Somo: Kulala Hemani na Familia Kando ya Ziwa Victoria Kabla ya Mvua za Vuli

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya familia ya Mwanza ambayo haijawahi kulala hemani, ina watoto wa umri wa shule, na inataka kuondoka mjini Ijumaa mchana na kurejea Jumapili. Msisitizo wangu ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: ziwa liwe karibu kwa macho na mbali kwa malazi. Watu wengi wakisikia habari za kambi ya ziwani huwaza hema lililosimikwa mchangani, mawimbi yakikomea mlangoni. Ni picha ya kupendeza, lakini karibu kila hatari itakayotajwa hapa chini, kuanzia kiboko hadi kichocho, ina makao yake katika ukanda ule mwembamba wa ufukweni.

Hatua ya kwanza: Chagua majira, kisha tazama mwezi

Kiangazi cha Kanda ya Ziwa huanza Juni, na mvua za vuli huingia kwa kawaida kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wiki zinazofaa zaidi ni zile za mwisho wa kiangazi, hasa Septemba, kwa kuwa mazao yamekwishaondolewa shambani, njia za vijijini ni kavu, na miti mingi imepukutisha majani kiasi kwamba ukisimama juu ya kilima unaliona ziwa bila kizuizi. Mbu nao huwa wamepungua, ingawa kupungua si kwisha. Kalenda ya shule ya mwaka husika ndiyo itakayoamua kama mapumziko mafupi ya Septemba yanakutana na nafasi yenu.

Baada ya majira, tazama mwezi. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, kwa sababu taa zao huwavuta dagaa na mbalamwezi huidhoofisha nguvu ya taa hizo. Familia itakayokwenda wakati wa giza itaziona taa za mitumbwi zimetapakaa upeoni kama mji uliohamia majini. Itakayokwenda mwezi ukiwa mpevu haitaona hayo, lakini itatembea kambini bila tochi. Mimi hupendelea giza. Hata hivyo, kwa watoto wadogo wanaoamka usiku kutaka kwenda haja, mbalamwezi ni msaada ambao mzazi hapaswi kuudharau.

Hatua ya pili: Pata mahali, na pata wenyeji

Hatua hii inastahili muda mrefu kuliko nyingine zote, nami ningemshauri mtu aikamilishe kabla hajanunua hata kigingi kimoja.

Kwa safari ya kwanza, chagueni nchi kavu yenye barabara inayopitika mwaka mzima. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma inapita Kisesa, Magu na Lamadi, na kutoka humo njia nyingi za vumbi hushuka kuelekea ziwani. Magu ipo umbali wa kilomita zipatazo 60 tu kutoka mjini. Upande wa magharibi, daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa ile foleni ya kivuko iliyokuwa ikila muda mwingi, na hivyo Sengerema imekuwa jirani. Ukerewe ni kuzuri sana, lakini kwenda huko kunategemea ratiba ya meli kutoka Mwanza au kivuko cha Kisorya, na mtoto akipatwa na homa usiku huwezi kumwambia asubiri chombo cha asubuhi. Iwekeni kuwa safari ya pili.

Ukishachagua eneo, nenda mwenyewe mapema ukiwa bila familia. Usitafute kwanza mandhari, tafuta mtu. Mara nyingi familia ya Mwanza ina shangazi, mjomba au mfanyakazi mwenzao mwenye shamba huko. Kupiga kambi katika kiwanja cha mtu anayefahamika, karibu na choo chake na kwa idhini yake, ni bora mara nyingi kuliko kujificha vichakani. Hata ukiwa na mwenyeji, jitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji wa kijiji, ueleze mtakuwa wangapi na mtalala siku ngapi. Katika vijiji vya Usukuma sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa kijiji, hulinda usiku, na gari lisilojulikana lililoegeshwa gizani lina haki ya kuulizwa maswali. Ni afadhali maswali hayo yajibiwe mchana, kwa chai, kuliko saa nane za usiku watoto wakilia.

Kisha waulize wavuvi wa mwalo ulio karibu, yaani mahali mitumbwi inapopakulia samaki, maswali matatu: viboko hupandia wapi, mamba huonekana upande gani, na maji yalifika wapi ziwa lilipojaa. Kiboko hutoka majini usiku kwenda malishoni na hurudia mapito yaleyale. Mapito hayo huonekana kama mfereji wa majani yaliyolala, na mgeni asiyejua anaweza kuyadhania kuwa uwanja uliosafishwa kwa ajili ya hema lake. Kuhusu kujaa, mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi likafunika mialo na nyumba nyingi za ufukweni, kwa hiyo kumbukumbu za wazee juu ya mpaka wa maji zinafaa kusikilizwa. Kipimo changu ni mita 300 kutoka ukingoni, mahali palipoinuka. Pakiwa na mapito ya kiboko, hamieni pengine kabisa, wala msihesabu mita.

Hatua ya tatu: Soma ardhi kabla ya kusimika hema

Mawe makubwa ya Mwanza yanavutia, na watoto watataka kulala chini yake. Kataa. Mapango na nyufa za mawe hayo ni makazi ya pimbi, nyoka na nge, na kilele cha mwamba ni mahali pabaya radi inapopiga. Mti ulio peke yake uwandani hauna usalama zaidi kwa upande wa radi. Epukeni vilevile udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa kiangazi umepasuka na mgumu kiasi cha kupinda vigingi, na ikinyesha mvua moja tu hushika magurudumu na kukataa kuyaachia. Udongo wa kichanga wenye mteremko mdogo, hatua kadhaa kutoka kwenye mawe, ndio unaofaa.

Fyekeni majani yawe mafupi kuzunguka hema, mtandike turubai chini, kisha mkeka, kisha magodoro ya sponji. Turubai la chini lisitokeze nje ya kingo za hema, kwani likitokeza hukusanya maji ya mvua na kuyaingiza ndani. Fanyeni haya yote kabla ya saa kumi na moja jioni. Septemba jua la Mwanza huzama karibu saa moja kasoro robo, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta giza halichelewi. Kusimika hema kwa tochi huku watoto wana njaa ni chanzo cha ugomvi wa bure kati ya mume na mke.

Hatua ya nne: Maji, chakula na moto

Bebeni maji kutoka nyumbani. Kwa kunywa na kupika, kadirieni lita 5 kwa mtu mmoja kwa siku. Familia ya watu watano kwa siku mbili itahitaji lita 50, yaani madumu matatu ya lita 20 pamoja na akiba kidogo. Maji ya ziwa yasinywewe bila kuchemshwa, hata yakionekana maangavu.

Chakula kisiwe cha majaribio. Sato mbichi hununuliwa mwaloni asubuhi na kuchomwa siku hiyohiyo, kwa kuwa hamna barafu. Kwa kilichobaki tegemeeni vyakula vikavu ambavyo Wasukuma walivibuni muda mrefu kabla ya majokofu: michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, huchemshwa pamoja na karanga zilizotwangwa na hushibisha hadi jioni. Matobolwa, yaani viazi ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, watoto huvitafuna njiani bila kuvipika. Dagaa wa kukaanga, unga, chumvi na chupa mbili za chai vinakamilisha orodha. Mifuko ya plastiki ilikwishapigwa marufuku tangu Juni 2019, hivyo fungasheni katika vikapu na makopo.

Moto unahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu mwisho wa kiangazi nyasi ni kavu na wakulima wa pamba huchoma masalia ya mashina shambani. Pikeni kwa mtungi mdogo wa gesi au jiko la mkaa, juu ya ardhi iliyofyekwa, na ndoo ya mchanga iwe pembeni. Upepo wa mchana hutoka ziwani kuelekea nchi kavu na usiku hugeuka, kwa hiyo jiko liwekwe ubavuni mwa hema, lisiwe mbele wala nyuma. Jambo moja halina mjadala: jiko la mkaa lisiingizwe hemani, hata makaa yakiwa yamefifia, hata kukiwa na baridi. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu wakiwa usingizini.

Hatua ya tano: Usiku

Vaeni mikono mirefu jioni inapoanza, mjipake dawa ya kufukuza mbu, na mtundike chandarua chenye dawa hata ndani ya hema, kwani milango ya hema hufunguliwa mara nyingi kuliko mnavyodhani. Viatu viwekwe ndani na vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Mtoto asitoke peke yake, na hakuna anayeshuka ziwani baada ya jua kuzama. Ngurumo zikianza, ingieni garini au katika nyumba ya mwenyeji mara moja. Ziwa hili hutengeneza mvua za radi usiku na alfajiri, hata baada ya mchana uliokuwa mweupe.

Hatua ya sita: Kuondoka

Zimeni makaa kwa maji hadi mkono uguse majivu bila kuungua. Takataka zote zirudi mjini. Waageni wenyeji, na mtendaji ajulishwe kwamba mmeondoka.

Maswali ya wanachama

Mama wa watoto watatu, Igoma: Shikamoo mwalimu. Umesema watoto wasishuke ziwani usiku. Je, mchana wanaweza kuogelea?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mimi siwaruhusu. Kichocho husambazwa na vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, na huwa vingi zaidi katika maji yaliyotulia yenye majani, hasa jua linapokuwa kali mchana, saa ambazo watoto hupenda kuogelea. Mtoto akigusa maji, mkaushe haraka kwa taulo, na baada ya wiki sita hadi nane mpeleke akapimwe. Ugonjwa huu unatibika kwa dawa ya prazikwanteli. Homa ikitokea kuanzia wiki moja baada ya safari, mpime malaria bila kungoja.

Mwanachama, Nyegezi: Hema ni ghali. Je, turubai na chandarua havitoshi?

Jibu: Kwa watu wazima wakati wa kiangazi vinatosha. Kwa watoto ninasita, kwa sababu turubai lililo wazi pembeni haliwazuii nyoka wala siafu. Azima hema kwa jamaa au kwa kikundi cha skauti kilicho karibu nawe, na ulisimike uani nyumbani usiku mmoja kabla ya safari ili ujue kama kamba zote zipo.

Mzee wa Kayenze: Mwanangu, umeeleza vizuri, ila nina nyongeza. Kiboko haogopwi usiku tu. Alfajiri anaporudi majini ndipo huwa mkali, hasa akikuta mtu amesimama kati yake na ziwa. Watu wenu wa mjini hupenda kushuka kutazama jua likichomoza.

Jibu: Shikamoo mzee, ninashukuru. Nyongeza yako inaingia katika hatua ya tano: hakuna anayeshuka ziwani hadi jua liwe limepanda na wavuvi wawe wamethibitisha kwamba njia ni salama.

Mwanachama aliye Uingereza: Watoto wangu huku wamezoea kambi za mwisho wa Oktoba, shule zinapofungwa kwa wiki moja. Tukija nyumbani wakati huo, tunaweza kufuata somo hili?

Jibu: Mnaweza, lakini kwa tahadhari nyingine. Huko Oktoba adui ni baridi. Hapa ni mvua iliyokwishaanza, yenye radi na matope. Mablanketi mazito yaacheni, leteni turubai la juu lililo imara, na mkae karibu na barabara ya lami. Watoto wanaokulia nje huenda hawana kinga ya kutosha dhidi ya malaria, hivyo muulizeni daktari kuhusu vidonge vya kujikinga kabla ya kupanda ndege.

Dada wa Buhongwa: Vipi kuhusu Rubondo? Watoto wanataka kuona sokwe.

Jibu: Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977, na sokwe wake wanatokana na wale waliopelekwa huko kati ya 1966 na 1969. Ni pa kuvutia, na sauti ya furukombe pale haikomi. Hata hivyo, safari hiyo inahitaji boti, viingilio na mipango ya mapema na uongozi wa hifadhi, na sokwe hao hawaonekani kila wanapotafutwa, mtoto asiahidiwe. Kama lengo ni wanyama kwa siku moja tu, kisiwa cha Saanane kipo hapahapa mjini, dakika chache kwa boti, na mtarudi kulala nyumbani.