Glaida yako imeanguka? Tazama anguko kabla ya kuiokota

Kila Jumamosi hapa Goma glaida, yaani kindege kisicho na injini cha kurusha kwa mkono, ikianguka nasikia neno lilelile: "Mwalimu, ni upepo!" Mara nyingi upepo unasingiziwa. Glaida zetu tunazichonga kwa frigoliti, ile nyeupe inayokuja na televisheni katoni moja, na chanzo cha anguko huonekana wazi kwa mwenye subira.

Hatua ya 1: Usiikimbilie

Baki uliporushia, useme kwa sauti ulichoona. Ilipanda kwanza? Ilikwenda chini moja kwa moja? Iligeukia upande gani? Kisha nenda ukaangalie kilichotangulia kugusa chini. Mawe yetu ya volkano huacha alama: pua iliyotangulia hubonyea, ncha ya bawa iliyotangulia humeguka. Ukianza kunyoosha na kubandika kabla ya hapo, umefuta ushahidi.

Hatua ya 2: Tafuta uzito ulipo

Hapa ndipo penye makosa mengi, usipapite haraka. Inua glaida kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa. Kwa bawa la mstatili lenye upana wa sentimita 12, inapaswa kutulia vidole vikiwa sentimita 3 hadi 4 kutoka ukingo wa mbele. Ikilalia mkia, pua ni nyepesi. Glaida ya hivyo hupanda, hupungua mwendo, hushusha pua ghafla na kuporomoka. Bawa limeikabili hewa kwa pembe kubwa mno. Hewa imebanduka mgongoni mwake, na nguvu ya kuinua imepotea.

Vijana hulidharau kosa hili, ndiyo maana huwasimulia habari za Otto Lilienthal, Mjerumani aliyekuwa amekwisha kuruka yeye mwenyewe kwa glaida kubwa za kubeba mtu mara zipatazo 2,000. Tarehe 9 Agosti 1896 glaida yake ilipoteza mwendo angani namna hiyohiyo. Alianguka kutoka mita 15 hivi, akafa kesho yake.

Dawa ni kuongeza udongo wa mfinyanzi puani, kidonge kidogo kwa kila mrusho. Ikianza kuchoma chini moja kwa moja, umezidisha. Usiguse kitu kingine chochote hadi hapo pakae sawa, la sivyo hutajua ni kipi kilichoponya.

Hatua ya 3: Kagua mabawa

Ielekeze pua mbali nawe, fumba jicho moja, uitazame kutoka mkiani. Binti mmoja alirusha mara nane, na mara zote nane ikazunguka kushoto hadi chini. Tulipotazama, ukingo wa nyuma wa bawa la kushoto ulikuwa umekunjamana kwenda juu, unene wa njiti ya kiberiti tu. Alikuwa ameacha gundi ikauke juu ya ubao uliopinda. Tukalilaza bawa juu ya kioo, tukalikandamiza kwa mawe usiku kucha. Kesho yake ilikwenda sawa kama uzi, na yeye akaifuata mbio akipiga kelele.

Hatua ya 4: Angalia mkono wako

Isukume mbele, usawa wa bega, ukielekea upepo unakotoka. Ukiirusha kwenda juu kwa nguvu, unarudi kwenye kosa la hatua ya 2. Tena tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo hapa glaida inahitaji mwendo zaidi kidogo.

Hatua ya 5: Sasa ulizia upepo

Mchana upepo hutoka ziwani kuja mjini, na ukivuka ukuta au paa hujikunja upande wa pili na kuisukuma glaida chini. Njoo uwanjani kukipambazuka, kabla haujaanza, urushe glaida ileile bila kubadili kitu. Ikiruka vizuri saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kisha ikaanguka saa saba mchana, hapo sawa, ni upepo.