Mtoto keshakuwa mtu mzima, sasa unaongea nae vipi?

Wazazi wengi wanalalamika mtoto alikuwa anawasimulia kila kitu, kafika miaka 19 au 20 kawa kimya, simu hapokei na akipokea ni "niko poa" basi imeisha. Wanahisi kawachukia. Mara nyingi wala, ni kwamba kila akiongea na nyie anaondoka na lawama au kazi ya kufanya, kwa hiyo ameamua kupunguza maneno.

Fungua simu yako usome meseji za mwisho ulizomtumia. Kama zote ni umelipa, umefika, umeomba ile kazi, basi ujue umekuwa msimamizi wake. Anza kutuma vitu visivyodai jibu, kichekesho, picha ya zamani, umbea kidogo wa ukoo. Na asipojibu usimuulize mbona kimya, hapo ndo unaharibu kila kitu.

Sasa ushauri, na hapa ndo penye shida kubwa. Kijana anakwambia bosi anamsumbua, hata hajafika katikati ushamwambia avumilie, ushamkumbusha wewe ulipokuwa na umri wake ulivumilia mangapi. Ye hakuja kuomba suluhisho, alikuwa anatua mzigo tu. Muulize, "unataka nikushauri au unanipa stori tu?" halafu akisema stori tu, kweli ukae kimya (najua ulimi unawasha). Ukikaa kimya mara kadhaa utashangaa anaanza kukuuliza mwenyewe, "kwani we ungefanyaje?" Na ukimshauri akaamua vingine, akakwama, usiseme nilikwambia. Anajua ulimwambia.

Inasaidia pia kujua yuko kwenye umri gani. Mwanasaikolojia Jeffrey Arnett aliandika mwaka 2000 kwamba miaka 18 hadi 25 ni hatua ya peke yake, mtu si mtoto tena ila na yeye hajioni mtu mzima kamili, anajaribu kazi, mapenzi, hata imani aone ipi inamkaa. Kwahiyo akibadilisha fani usichukulie kama kakutukana wewe uliyemlipia ada. Na ndio, sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga na kujizuia, inaendelea kukomaa hadi miaka ishirini na kitu, ila usije ukamrushia hiyo kwenye ugomvi.

Pesa iseme mapema. Ni zawadi au ni mkopo? Kama zawadi, imetoka, usiitaje tena wala usiitumie kumpangia maisha.

Mpenzi wake humpendi? Mkaribishe hivyo hivyo. Ukimponda leo na kesho wakarudiana, hatokwambia lolote tena hata siku anateswa. Ila ukiona dalili za kupigwa, madawa ya kulevya, au anaongelea kufa, hapo acha mambo ya kumpa uhuru, muulize waziwazi na mtafute msaada pamoja.

Siri zake zisiende kwenye grupu la familia. Yaani hata zile nzuri, kapata kazi, ana mimba, muache atangaze mwenyewe.

Tena usimuite "njoo tukae tuongee", hiyo inatisha, anaanza kujiuliza kafanya nini. Maneno yanatoka vizuri zaidi mkiwa mnafanya kitu pamoja, mnapika, mnatembea, mko kwenye gari na kila mtu anaangalia mbele. Muombe na ye akusaidie kitu anachokijua kuliko wewe, na uufate ushauri wake kweli, sio kumfurahisha tu.

Kama kuna jambo la zamani ulimkosea, omba radhi kwa sentensi mbili, bila kuweka "lakini". Usitegemee akukumbatie hapohapo. Wengi wanakujaribu kwanza na jambo dogo waone utalipokeaje, ukilipokea vizuri kubwa litafuata, labda baada ya miezi.

Na kama bado anaishi kwako, bisha hodi kabla ya kuingia chumbani, halafu kaeni mpangane mapema nani anafanya nini ndani ya nyumba, anachangia nini, akichelewa kurudi anatoa taarifa saa ngapi. Akitimiza hayo, mengine muachie.