Ringi za spoku na tairi za hotrodi: anza na tairi inayopatikana Arusha

Somo hili ni la mwenye hotrodi, yaani Ford ya miaka ya 1930 iliyovuliwa mabawa na kufungwa injini yenye nguvu zaidi, au aliyejenga bodi ya aina hiyo juu ya chesi ya gari jingine. Wengi hununua ringi kwanza kwa kuipenda, halafu ndipo wanatafuta tairi. Kwa huku kwetu, geuza mpangilio huo.

Hatua ya 1: Kipenyo

Ringi za spoku za Ford zilipungua kimo mwaka hadi mwaka: inchi 21 (1928–29), inchi 19 (1930–31), inchi 18 (1932), inchi 17 (1933–34), na inchi 16 mwaka 1935, ambao ndio ulikuwa wa mwisho kwa spoku. Chukua ya 16. Tairi ya 6.00-16 (upana wa inchi 6, kwa ringi ya inchi 16) ndiyo iliyovaliwa na Land Rover fupi za zamani, hivyo inapatikana Arusha. Ya 19 au 21 inapendeza sana, lakini ikipasukia Makuyuni utasubiri mzigo kutoka nje.

Hatua ya 2: Upana

Pima ndani ya kingo, mahali tairi inapokalia, si nje kwa nje. Ringi ya Ford ya 1935 ina inchi 4 na inafaa 6.00-16. Usiibane 7.50-16 humo ili nyuma ya gari inyanyuke. Tairi hiyo inataka inchi 5.5 au zaidi. Kwenye ringi nyembamba uso wake unavimba katikati, unalika hapo katikati, na gari linayumba kwenye kona.

Angalia pia plai, yaani tabaka za nyuzi ndani ya tairi. Tairi za Canter zina kipimo cha 7.00-16 na 7.50-16, lakini plai zake nyingi ni za kubebea tani. Kwenye gari jepesi hazikunji ubavu. Gari linaruka kila tuta na breki hazishiki vizuri.

Hatua ya 3: Matundu ya studi

Kwa studi tano huwezi kupima moja kwa moja kuvuka katikati. Pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani, kisha zidisha kwa 1.7. Tundu hadi tundu ikiwa milimita 82, duara la studi ni kama 139.7: la Ford, na pia la Suzuki Escudo za mwanzo. Ikiwa 97, hiyo ni Land Rover (duara la 165.1). Usitanue matundu kwa tupa.

Hatua ya 4: Egemeo kwenye dramu

Hapa ndipo ringi nyingi nzuri zinapoharibikia. Kitovu cha ringi hii ni bati lililobinuliwa, na ukingo wake wa nje lazima uegemee uso wa dramu. Ukifunga dramu za breki za mafuta za 1940–48, au za gari jingine, ukingo unabaki hewani. Nati zinakaza bati kwa kulikunja, kila mzunguko unalikunja tena, na baada ya muda nyufa zinaanza kuzunguka matundu.

Fanya hivi: weka ringi bila tairi, kaza nati kwa mkono tu, pitisha fila (vibati vya kupimia nafasi nyembamba) kuzunguka ukingo. Pakiwa na nafasi, mpelekee fundi mkereza kipimo hicho akukereze pete ya chuma ya unene huo. Ukishaiweka, hakikisha nati bado inaingia kwenye studi angalau milimita 13. Isipofika, badilisha studi, usipunguze pete.

Hatua ya 5: Ukaguzi

Ondoa rangi yote, hasa pale spoku zilipochomelewa. Izungushe ringi kwenye habu huku msumari ukiwa umefungwa karibu na ukingo. Ikicheza zaidi ya milimita 2, iache. Rangi nene isibaki kwenye viti vya nati, kwa sababu itasagika na nati zitalegea. Kaza kwa mtindo wa nyota, kisha rudia baada ya kilomita 50.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nimeona 6.00-16 mpya kwa bei ndogo, ina matuta matatu marefu ya mpira yanayozunguka. Inafaa?*

Marahaba. Hiyo ni tairi ya mbele ya trekta. Soma ubavuni: A6 maana yake ni kilomita 30 kwa saa, A8 ni 40. Kwenye lami ya Moshi–Arusha itapata joto hadi iachane. Hapohapo soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba inayoonyesha tairi ilitengenezwa lini. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

*Naweza kufunga radiali bila tyubu?*

Radiali ndiyo, bila tyubu hapana. Ringi hii haina kituta cha kushikilia tairi upepo ukipungua. Nunua tyubu iliyoandikwa radiali, na weka mkanda wa mpira ndani. Kama tundu la valvu ni pana kuliko shina, weka bushi, la sivyo shina litakatika. Usichanganye radiali na nailoni (tairi za zamani zenye nyuzi za mshazari) kwenye ekseli moja.

*Upepo kiasi gani, kaka? Niko Arusha ila nateremka Tanga mara kwa mara.*

Kwa 6.00-16 ya nailoni anza na PSI 30, tairi likiwa baridi. Arusha ipo kama mita 1,400 juu ya bahari, hivyo geji itasoma pungufu kama PSI 2 ukifika pwani, ingawa joto la huko hurudisha kiasi. Pima upya asubuhi kabla ya kuondoka Tanga.