Jinsi ya Kupanga Tiba ya Misuli kwa Mikono Pamoja na Mteja

Mwongozo huu unawahusu wale ambao tayari wamefunzwa kukanda na kunyoosha misuli, wanaofahamu kila msuli unaanzia wapi na unashikia wapi, lakini ambao bado humlaza mteja mpya kitandani na kuanza kumkanda pale alipoonyesha kwa kidole bila kuwa na njia ya kujua baadaye kama kazi yao imemfaa. Msimamo wangu ni kwamba mbinu ya mikono ndiyo jambo la mwisho kuamuliwa. Kabla yake, mtaalamu na mteja wanapaswa kukubaliana kuhusu shughuli ambayo mteja anataka kuirejesha, kipimo kitakachoonyesha kama inarejea, na siku watakayokaa tena kuamua kama tiba iendelee. Hatua zilizo hapa chini zinafuata utaratibu huo, na ile ya usalama nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa kuwa ndiyo yenye madhara makubwa zaidi ikirukwa.

Hatua ya kwanza: Chukua historia kabla ya kugusa

Katika miadi ya kwanza, tenga dakika 20 hadi 30 kwa mazungumzo na uchunguzi. Mwache mteja aeleze tatizo lake hadi amalize, kisha ujaze mapengo: maumivu yalianza lini na baada ya tukio gani, yanasambaa hadi wapi, ni nini huyaongeza na ni nini huyatuliza, yanabadilikaje kati ya asubuhi na usiku, na ametibiwa vipi hadi sasa. Mpe mchoro wa mwili, wa mbele na wa nyuma, apake rangi mahali anapoumia. Mara nyingi mchoro husema zaidi ya maelezo, kwa sababu mtu aliyetaja bega tu anaweza kuchora mstari unaoshuka hadi kwenye kidole gumba, na mstari wa namna hiyo unakuelekeza uchunguze neva za shingoni kabla ya kulaumu misuli ya bega.

Uliza kuhusu upasuaji, magonjwa ya muda mrefu, ujauzito na dawa zote anazotumia. Mwisho muulize anadhani maumivu yanatokana na nini na anaogopa nini. Mteja anayeamini kwamba pingili ya mgongo wake imehama mahali pake atajikaza kila anapoinama, na mpango usioigusa hofu hiyo utakwama hata kama mikono yako ni hodari.

Hatua ya pili: Amua kama mteja anafaa kukandwa leo

Zipo dalili ambazo zikionekana, kazi yako inakuwa moja tu, nayo ni kumfikisha mteja kwa daktari. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi katika eneo la kati ya mapaja, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au haja kubwa, au miguu yote miwili kuishiwa nguvu, huashiria kwamba neva za mwisho wa uti wa mgongo zinabanwa, na mteja anahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Shavu la mguu mmoja likiwa limevimba, lina joto na linauma, hasa baada ya upasuaji, safari ndefu ya kukaa au siku nyingi za kulala kitandani, usiliguse, kwani huenda kuna damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani na donge hilo linaweza kusafiri hadi mapafuni. Maumivu ya kifua, taya au mkono wa kushoto yanayokuja mteja anapojitahidi na kupungua anapopumzika yachukuliwe kuwa ya moyo hadi daktari aseme vinginevyo.

Dalili nyingine hazina dharura ya namna hiyo lakini bado zinataka daktari kwanza: kupungua uzito bila sababu, homa, maumivu ya usiku yasiyobadilika kwa mkao wowote, historia ya saratani yenye maumivu mapya ya mfupa, au kuanguka kwa mtu mwenye mifupa iliyopungua uimara. Ninasisitiza kwamba dalili moja peke yake si utambuzi wa ugonjwa, na usimtishe mteja kwa kumtajia magonjwa. Mweleze tu ulichokiona, kwa nini kinapita uwezo wa tiba ya mikono, na umwandikie barua fupi atakayompa daktari.

Kati ya kukanda na kutokukanda kuna eneo pana la tahadhari, na hapa ndipo uzoefu wa mtaalamu unapohitajika zaidi. Mteja anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama vile wafarini, anaweza kukandwa kwa wepesi, lakini mgandamizo wa kina unaweza kumwachia michubuko mikubwa ya ndani. Aliyetumia dawa za steroidi kwa muda mrefu huwa na ngozi nyembamba na mifupa dhaifu. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za miguu hawezi kukuambia kwamba umezidisha nguvu, kwa hiyo usitegemee jibu lake unapokanda nyayo. Msuli uliochanika uachwe bila kukandwa kwa kina katika siku mbili au tatu za mwanzo. Paja lililopigwa kwa nguvu na kuvilia damu linahitaji subira ndefu zaidi, kwani kulikanda mapema kwa nguvu kunaweza kuchangia mfupa kuota ndani ya msuli. Zaidi ya hayo, kwa kila mteja yapo maeneo yasiyokandamizwa kwa kina kwa sababu mishipa mikubwa na neva hupita karibu na ngozi: mbele ya shingo, kwapani, kinenani na nyuma ya goti.

Hatua ya tatu: Geuza malalamiko kuwa lengo

Mteja akisema anataka maumivu yaishe, ametaja matumaini yake, na bado hamjapata lengo. Mwombe ataje shughuli tatu hadi tano ambazo tatizo limemzuia kuzifanya, kisha kila moja aipe alama kutoka 0 hadi 10, ambapo 0 ni kushindwa kabisa na 10 ni kufanya kama alivyokuwa akifanya kabla ya kuumia. Njia hii haihitaji kifaa chochote, na nguvu yake ni kwamba mteja mwenyewe ndiye anayechagua kitakachopimwa.

Tuchukue mfano wa fundi rangi anayeumwa bega la kulia. Anataja kupaka dari, ambako anajipa 3, kulalia ubavu wa kulia, 4, na kuvaa shati, 6. Wastani wake ni 4.3. Mabadiliko madogo ya alama hizi yanaweza kutokana na hali ya siku tu, kwa hiyo wastani unapaswa kupanda kwa alama 2 hivi, na shughuli moja ikitazamwa peke yake kwa alama 3, ndipo tuseme kwa uhakika kwamba kuna kilichobadilika. Lengo linaloweza kuandikwa, basi, ni kufikisha wastani wa 6.5 baada ya vikao vinne, na mteja analijua na kulikubali.

Hatua ya nne: Pima

Chagua vipimo viwili au vitatu unavyoweza kuvirudia kwa namna ile ile kila mara, kwani vipimo vingi visivyorudiwa ni kupoteza muda wa mteja. Kwa fundi wetu ningepima kwa kipimapembe ni nyuzi ngapi anaweza kuinua mkono kabla ya maumivu kuanza, ningepima nguvu ya kugeuzia mkono nje kwa alama za 0 hadi 5, na ningemwomba aige kitendo chenyewe cha kupaka dari huku akitaja ukali wa maumivu kati ya 0 na 10. Linganisha na bega la kushoto kabla ya kuita kitu chochote upungufu. Andika pia mkao uliopimia, aliyeketi au aliyelala, kwa sababu nyuzi chache huongezeka au kupungua kwa mkao peke yake.

Hatua ya tano: Andika dhana yako

Dhana ni sentensi moja inayosema ni miundo gani unaishuku na kwa nini, na inafaa iandikwe kwa namna inayoweza kukanushwa. Kumbuka kwamba msuli unaweza kuumiza mahali ambapo haupo. Msuli wa infraspinati, ulio nyuma ya kombe la bega, mara nyingi huhisiwa ndani ya bega kwa mbele. Sehemu ya juu ya trapezi, msuli mpana wa shingo ya nyuma na mgongo wa juu, hupeleka maumivu pembeni mwa shingo hadi kwenye panja, na gluteasi ndogo, msuli ulio ndani ya kalio, huyashusha kwa upande wa nje wa mguu kiasi cha kufanana na maumivu ya neva. Janet Travell, daktari wa Marekani aliyekuwa daktari wa Rais John F. Kennedy, alijulikana sana kwa kuchora ramani za maumivu ya aina hii, na ramani hizo bado zinasaidia kuamua pa kuanzia. Hata hivyo, wataalamu hawajakubaliana kuhusu kinachotokea ndani ya vinundu tunavyovihisi kwa vidole, na wakandaji wawili wakimgusa mtu mmoja mara nyingi huonyesha sehemu tofauti. Ichukulie ramani kuwa pendekezo la kuanzia, na umwachie mteja athibitishe: ukibonyeza msuli nyuma ya kombe naye akasema hayo ndiyo maumivu anayoyajua, dhana yako imepata uzito. Asipoyatambua, tafuta kwingine.

Hatua ya sita: Sasa chagua mbinu na kipimo cha tiba

Kwa kila mbinu unayoipanga, andika eneo, mkao wa mteja, nguvu ya mgandamizo, muda na idadi ya marudio, kama daktari anavyoandika kiasi cha dawa. Kwa fundi wetu kikao cha dakika 45 kinaweza kuwa na dakika 10 za kupitisha viganja na kukanda polepole kuzunguka bega na shingo ya nyuma, kisha mgandamizo wa kutulia wa sekunde 30 hadi 60 kwenye sehemu tatu au nne za infraspinati zilizoamsha maumivu yake, kisha msuli huo huo ukandwe huku yeye mwenyewe akiugeuza mkono taratibu, na dakika 15 za mwisho ziwe za mazoezi ya kuinua mkono. Sehemu hiyo ya mwisho usiifute hata muda ukiwa mfupi. Nafuu inayoletwa na mikono kwa kawaida ni ya muda, na chanzo chake kikubwa ni mfumo wa neva kupunguza ulinzi wake. Wakati huo wa nafuu ndio mteja anapoweza kutembeza bega katika sehemu ambayo jana ilimtisha.

Kwa nguvu ya mgandamizo, mimi huwaomba wateja wataje namba kati ya 0 na 10 na sivuki 6. Mtu anayezuia pumzi, anayekunja vidole vya miguu au anayejikaza amekwisha kukujibu hata kabla ya kutaja namba, na kuendelea kumkandamiza ni kupigana na msuli uliotaka kuulegeza.

Angalia pia unayoyaahidi. Hatuvunji makovu kwa vidole gumba, wala hatusukumi asidi ya laktiki nje ya misuli, kwani asidi hiyo huondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi kwisha. Maelezo ya uongo humfanya mteja akutegemee kwa jambo ambalo mwili wake unaliweza.

Hatua ya saba: Kubalianeni

Soma mpango kwa sauti mbele ya mteja kwa lugha ya kawaida. Mweleze ni sehemu gani za mwili zitaguswa na nguo zipi zitabaki, ni faida gani anayotarajiwa kuipata, kwamba misuli inaweza kuuma kwa siku moja au mbili baada ya kikao, ni njia gani nyingine zipo ikiwa hataki kukandwa, na kwamba anaweza kusema basi wakati wowote bila kutoa sababu. Ridhaa ya siku ya kwanza haitoshi kwa vikao vyote. Omba tena kila unapohamia eneo jipya, hasa karibu na kinena, makalio na kifua.

Hatua ya nane: Pima tena na uamue

Rudia kipimo kimoja kabla na baada ya kila kikao, na shughuli zenye alama zirudiwe katika kikao cha nne. Mabadiliko ya dakika tano baada ya kushuka kitandani yanakuonyesha kwamba mbinu imegusa kitu husika, lakini yanayobaki hadi kikao kinachofuata ndiyo ya kuhesabiwa. Fundi wetu akifika kikao cha nne na wastani wa 6.7, punguza vikao viwe kimoja kila wiki mbili huku mazoezi yakiongezwa uzito. Akibaki kwenye 4.5, irudie hatua ya tano kwa dhana mpya na umpe nafasi ya vikao viwili zaidi. Akishuka, au ganzi na udhaifu vikianza kujitokeza mkononi, simamisha tiba na umpe rufaa.

Katika kikao cha mwisho, iweke kwenye jalada lake karatasi yenye alama za mwanzo na za mwisho, mbinu zilizotumika kwa kipimo chake, mazoezi aliyokwenda nayo na dalili ulizomwambia zimrudishe mapema, na nakala yake umkabidhi mteja.