Kabla ya Kulipa Amana: Upimaji Upi Unakufaa Unaponunua Nyumba

Wanunuzi wengi wa nyumba Nakuru na Kisumu hulipia ripoti moja, kisha wanaamini imejibu kila swali. Mara nyingi ripoti hiyo ni ya mthamini aliyetumwa na benki. Mthamini anakadiria bei ili benki ijue kama mkopo wake una dhamana ya kutosha. Kazi yake si kuchunguza msingi, wala si kurudisha bikoni, yaani alama za mipaka, zilizopotea. Akiandika kwamba nyumba ina thamani ya milioni sita, hajasema kuta hazitapasuka, na hajasema ua wa jirani haujaingia kwako.

Kwa hiyo kabla hujampigia mtaalamu yeyote, jua unaogopa nini. Kama wasiwasi wako ni iwapo ploti unayoonyeshwa ndiyo iliyo kwenye hati, unahitaji mpima ardhi, yaani savea. Kama ni maji ya mafuriko, unahitaji upimaji wa miinuko. Nyumba ikiwa na nyufa, muite mhandisi wa majengo. Na kama utajenga au kuongeza ghorofa, udongo uchunguzwe.

Anza na makaratasi, kwa sababu gharama yake ni ndogo na yanaweza kukuepusha na nyingine zote. Fanya sachi rasmi, yaani ukaguzi wa kumbukumbu kwenye sajili ya ardhi, kwa nambari ya ploti. Utaona jina la mwenye ardhi, ukubwa kwa hekta, na kama kuna mkopo au zuio. Kakamega, Vihiga, Siaya na Busia ni kawaida kukuta shamba bado liko kwa jina la babu aliyefariki miaka mingi iliyopita. Mjukuu anayeishi pale anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, lakini hawezi kukuuzia kabla mirathi haijakamilishwa mahakamani. Ukikuta hivyo, usimlipe savea bado. Na kama ardhi ni ya kilimo, mauziano yanahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Bila idhini hiyo mkataba ni batili, hata kama pesa zimelipwa zote.

Linganisha pia ukubwa. Ploti ya 50 kwa 100 ni futi mraba 5,000, yaani karibu mita mraba 465, au hekta 0.0465. Moja ya nane ya eka ni futi mraba 5,445, karibu mita mraba 506. Madalali huyataja haya mawili kana kwamba ni kitu kimoja, na tofauti yake ni mita mraba 41, nafasi ya kutosha kuegesha magari mawili. Ukiambiwa moja ya nane, soma hekta zilizoandikwa kwenye hati.

Sasa mipaka, ambako ndiko wanunuzi hupoteza zaidi. Udanganyifu ulio rahisi kuliko wote ni kumwonyesha mnunuzi ploti nzuri kando ya barabara, kisha hati anayokabidhiwa ikawa ya ploti ya nyuma bondeni. Sachi haiwezi kugundua hilo, kwa kuwa hati yenyewe ni halali. Anayeweza kuligundua ni savea aliyesimama kwenye ploti akiwa na ramani ya sajili na fomu ya mutesheni iliyotumika kugawa shamba mama. Atapima kutoka kwenye alama zinazojulikana hadi kwenye pembe za ploti, kisha atafute bikoni, ambazo kwa kawaida ni chuma kilichozamishwa kwenye zege. Bikoni iliyolegea, au iliyo juu ya udongo uliofukuliwa juzi, itiliwe shaka.

Usitosheke na programu ya simu. Simu hukosea kwa mita kadhaa, na kwenye ploti yenye upana wa mita 15, kosa la mita 3 ni moja ya tano ya upana wote. Savea hutumia vifaa vinavyosoma kwa sentimita. Anayebeba kifaa anaweza kuwa msaidizi, hilo si tatizo, lakini anayetia sahihi na muhuri kwenye ripoti lazima awe na leseni ya bodi ya wapima ardhi. Omba nambari yake na uihakikishe kabla ya kulipa. Ripoti iwe na mchoro, vipimo vya kila upande, viwianishi (namba za mahali hasa) vya kila bikoni, na maelezo ya chochote kilichovuka mpaka: ukuta, choo, paa, hata mti.

Mashamba mengi ya Magharibi na Nyanza yamesajiliwa kwa mipaka ya jumla, yaani ile inayofuata ua, mkonge au kijito. Kwa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, ramani ya namna hiyo huonyesha mpaka kwa makadirio tu. Savea anaweza kukuambia ramani inasema nini, lakini ugomvi ukizuka, mwenye kuamua kwanza ni msajili wa ardhi. Mahakama haipokei kesi hiyo kabla hajaamua. Ndiyo maana majirani wote waitwe siku ya upimaji, na mzee wa mtaa awepo. Jirani aliyeona bikoni ikisimikwa na akatia sahihi atakuokoa miaka ya kesi.

Upimaji wa miinuko watu huupuuza, nasi tunaona ni kosa kubwa kwa yeyote anayenunua Nyamasaria, Ahero au popote kwenye uwanda wa Kano, karibu na Kisumu. Macho hayawezi kutambua mteremko wa nusu mita, ila maji huutambua. Omba ramani yenye mistari ya kimo kila nusu mita, inayoonyesha pia kimo cha barabara na cha mtaro wa karibu. Sakafu ikiwa chini ya barabara, maji ya mvua yatakuja kwako kwanza. Kando ya ziwa usiamini ufuo unaouona leo. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilivuka kiwango cha juu cha mwaka 1964, na Ziwa Nakuru lilipopanuka liliingia kwenye nyumba za mtaa wa Mwariki, mbali na mahali watu walipozoea kuona maji. Kanuni za maji huweka ukanda usiojengwa kando ya mto au ziwa: kwa mto ni mita 6 hadi 30, na kwa ziwa hupimwa kutoka pale maji yalipowahi kufika juu kabisa.

Udongo hutofautiana sana kati ya Kisumu na Nakuru. Uwanda wa Kano una udongo mweusi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Kiangazi utaona mipasuko inayoingia kidole. Msingi uliokaa juu yake huinuliwa na kushushwa kila msimu, na kuta hufuata. Nakuru, kwa upande wake, sehemu kubwa imekaa juu ya majivu ya volkeno. Majivu makavu hubeba uzito vizuri, lakini maji yakipenya chini, kwa mfano kutoka bomba linalovuja au shimo la maji taka, majivu hayo yanaweza kubomoka ghafla. Isitoshe, mji uko ndani ya Bonde la Ufa, na mvua kubwa huweza kufunua nyufa za ardhi zilizokuwa zimefunikwa. Kwa nyumba isiyo na ghorofa, mashimo mawili ya kina cha mita 2, kwenye pembe zinazokabiliana, humpa mhandisi mengi ya kusoma. Sampuli zipelekwe maabara. Rangi ya udongo pekee haitoshi.

Nyumba iliyokwisha kujengwa ikaguliwe baada ya mvua. Ufa mwembamba wa plasta si hoja. Ufa unaotoka kwenye pembe ya dirisha na kushuka mithili ya ngazi kufuata viungo vya mawe, ukiwa mpana kupita milimita 5, unasema msingi umesogea. Tazama pia mkanda wa rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu, na unyevu unaopanda kutoka sakafuni. Mhandisi apande darini aone mbao. Kama maji ni ya kisima cha Nakuru, yapimwe floridi, madini yanayoharibu meno yakizidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa huvuka hapo.

Yote haya yafanyike kabla ya kutia sahihi. Amana ya kawaida ni asilimia 10 ya bei, na ikishalipwa nguvu yako ya kujadili bei hupungua. Muuzaji akiharakisha, mwambie wakili aandike kwamba amana itarudishwa yote iwapo upimaji utaonyesha upungufu wa eneo, kuvuka mpaka au kasoro ya msingi. Mchoro wa savea uambatanishwe kwenye mkataba, na siku ya kukabidhiwa funguo, zungukeni tena bikoni zote nne pamoja na muuzaji.